Hukulewa, Mama Sechelela

Mama,

Shikamoo. Hiyo ni haki yako hata huko uliko. Baada ya hapo sina maneno matamu, kwa hiyo nisikilize kama ulivyokuwa ukiwasikiliza wakulima waliokuja kugomba ofisini: mikono juu ya meza, bila kumkatiza mtu.

Nina hasira. Nilidhani zitapungua tukishakuzika. Hazijapungua.

Jana nilikwenda kunyoa, pale kwa kinyozi wetu wa Area D, hapa Dodoma. Nimekaa kwenye kiti, kitambaa shingoni, nyuma yangu wamekaa wanaume wawili wanasubiri zamu. Mmoja akasema, "Yule mama wa mvinyo pombe ndiyo imemmaliza. Alikuwa anakunywa mzigo wake mwenyewe." Mwenzake akasema, "Pombe gani? Yale ni masharti ya mganga yalimgeuka. Na yule kijana wake anayerithi kiwanda ndiye aliyempeleka." Kinyozi alinitazama kwenye kioo, mashine ikasimama juu ya sikio langu. Anajua mimi ndiye yule kijana. Niligeuka nikawauliza, "Nani amewaambia?" Yule wa kwanza akacheka. "Kaka, mitandao yote ilisema. Wewe huna simu?"

Nilitoka na kichwa kimenyolewa upande mmoja. Sikutaka kumpiga mtu. Ulinifundisha kwamba kiwanda kinajengwa kwa miaka na kinabomolewa kwa kofi moja. Lakini Mama, nilitaka. Nilitaka sana.

Hata sasa, baada ya ukweli kusemwa kanisani mbele ya umati, bado wanasema.

Ngoja nianze kule ambako wewe hukutaka mtu aanzie. Siku tuliyotoka Dar kwa daktari, tumekaa kwenye treni, Morogoro imeshabaki nyuma yetu. Kwa miezi ulikuwa unaangusha funguo, unajikwaa kwenye sakafu tambarare, maneno yenye herufi r yanakugomea. Daktari alikwambia neva zinazoamrisha misuli yako zinakufa kidogo kidogo, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Mguu, mkono, ulimi, koo, mwisho pumzi. Akili itabaki nzima, itakuwa inatazama yote. Ulimuuliza swali moja tu: "Nitaweza kuonja mpaka lini?"

Kwenye treni ulinishika mkono ukasema, "Daudi, usimwambie mtu. Hata Yohana."

Nikasema, "Mama, Yohana ni mwanao."

Ukasema, "Yohana akijua ataacha kazi yake aje kunililia. Na madalali wakijua, watakwenda kwa wakulima wangu shamba kwa shamba. Nikisema nakufa, bei ya zabibu itakufa kabla yangu. Niapie."

Nikaapa. Ningekataaje? Nilikuja kiwandani kwako Kizota nikiwa sijui tofauti ya mvinyo na siki. Wewe ulikuwa mjane uliyeanza kwa mapipa mawili uani, ukawa mwanamke ambaye picha yake imebandikwa barabara ya kuingilia mjini. Ulinitoa kwenye kuosha matangi, ukanikalisha karibu yako, ukaniambia nifumbe macho, nionje, niteme, nikwambie shamba la nani. "Tema!" ulikuwa unanipigia kelele. "Anayemeza si fundi, ni mteja." Tangu nikufahamu sikuwahi kukuona umemeza mvinyo. Kamwe. Na ndivyo walivyokuja kukuita mlevi.

Wale wanafunzi wa chuo kikuu walipokualika ukumbini Chimwaga uwape hotuba ya ujasiriamali, nilikuomba usiende. Ulisema mabinti wengi watakuwepo, nao wanahitaji kumwona Mgogo mwenzao amesimama pale. Ukasimama. Ulisalimia, "Mbukwenyi!" na ukumbi mzima ukaitikia kwa shangwe. Kisha ulimi ukaanza kukwama. Neno "mtaji" likatoka limepondeka. Ukarudia, likatoka baya zaidi. Mtu akacheka nyuma. Goti lako likalegea, nikaruka jukwaani nikakushika kiuno usianguke. Ukasema kwenye kipaza sauti, polepole, "Nisameheni. Leo ulimi wangu umechoka kuliko mimi." Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Walidhani ni utani wa mlevi.

Uliendelea mpaka mwisho wa hotuba. Ndani ya gari uliniuliza, "Nilimaliza?"

"Ulimaliza, Mama."

"Basi."

Si basi. Kabla hatujafika Kizota, yule mtangazaji wa mtandaoni, yule anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, alikuwa ameshairusha video. Aliipunguza kasi ili ulimi wako usikike mzito zaidi. Akaandika juu yake: MAMA MVINYO KALEWA MVINYO WAKE, SERENGETI BOI WAKE AMBEBA. Yaani mimi. Mimi niliyekuita Mama mbele ya watu na pembeni mwa watu, nikawa kijana anayelelewa na mshangazi. Nchi nzima ilicheka. Waliigiza mwendo wako. Watoto wa shule pale nyuma ya kiwanda waliyumba barabarani wakipiga kelele, "Mama Mvinyo! Mama Mvinyo!" na wewe ulikuwa dirishani unawaona.

Halafu ulipopungua mwili wakasema ni ngoma, yaani ukimwi. Ulipoacha kwenda ibadani kwa sababu ngazi zilikushinda, wakasema umetengwa na kanisa kwa ajili yangu. Kila uchao walikuwa na ugonjwa mpya wa kukupa na dhambi mpya ya kuutundikia. Mtu hawezi kuumwa tu katika nchi hii? Lazima awe amefanya kitu?

Laiti wangekuona unakula, Mama. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Maji yalikuwa yanakupalia. Glasi ya maji, kitu ambacho mtoto mdogo anakimudu, wewe ulikuwa unakipigania mpaka machozi yanakutoka, mwisho tukawa tunakupa uji mzito kwa kijiko, kidogo, kidogo, huku dada wa kazi amekuinua kichwa. Mtu asiyeweza kumeza maji ndiye waliyesema ameshinda kwenye pombe.

Na ninyi wenyewe mliniachia nini, wewe na siri yako? Nitakwambia, maana ulipokuwa hai nilikuhurumia nikanyamaza. Neema, mchumba wangu, aliniita nyumbani kwao. Baba yake alikuwa na simu mkononi, video imesimama pale nilipokushika kiuno. Akasema, "Mahari yako kaichukue. Siozeshi binti yangu kwa mume wa mtu mzima." Neema akanifuata nje mpaka getini. Aliniambia, "Daudi, sitaki kuamini. Niambie ukweli mmoja tu, nitasimama na wewe. Kwa nini anakuegemea hivyo?"

Nilikuwa nao huo ukweli mdomoni. Sentensi moja. Nikaumeza, kwa sababu niliapa kwenye treni. Nikamwambia, "Niamini tu." Akafunga geti. Mwaka huu ameolewa. Ulijua? Nadhani ulijua, kwa sababu siku ya harusi yake ulinitazama ukafungua mdomo, na hakuna neno lililotoka, na sikujua ni ugonjwa au ni aibu. Nakupenda, Mama, lakini ulinitoza kitu ambacho hakikuwa chako.

Na Yohana. Uliacha kupokea simu zake ili asisikie sauti yako. Ukawa unamjibu kwa ujumbe mfupi: "Niko kikaoni." "Nitakupigia." Mwanao akaitazama video, akazihesabu simu ambazo hukupokea, akajumlisha. Nani angemlaumu? Mimi nilimlaumu. Nilimchukia kwa kutokuja. Sasa namwonea huruma, na hiyo pia inanikasirisha, maana kumchukia kulikuwa kwepesi.

Hebu nikwambie ulivyozikwa.

Yohana alifika asubuhi iliyofuata kifo chako. Hakunipa mkono. Aliniambia mbele ya wafanyakazi wote, "Wewe usikae kwenye gari la familia. Umeshakaa vya kutosha." Nikapanda lori la kiwanda pamoja na wenzangu. Kanisani tukakaa nyuma kabisa. Na unajua nani alikuwa mbele, karibu na jeneza lako, na kamera yake? Mwenye miwani. Alikuwa anarusha moja kwa moja, sauti ameifanya ya huzuni. "Simba jike wa Dodoma ametutoka. Mwanamke wa shoka. Pengo lake halitazibika."

Kisha wakasoma wasifu wako. Shamba, mapipa uani, kiwanda, tuzo. Mwishoni mpwa wako akasoma: "Marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi."

Muda mfupi, Mama! Miaka ile yote. Vile vijiko vyote vya uji.

Mchungaji aliita mwakilishi wa wafanyakazi atoe salamu za rambirambi. Tulikuwa tumempanga mama wa maabara, ana sauti nzuri. Nilisimama mimi. Nilisikia minong'ono ikinifuata kwenye ujia kati ya mabenchi, "Ndiye huyo, ndiye huyo." Yohana akainuka nusu kutoka kwenye kiti chake. Nikashika kipaza sauti.

Nikasema, "Hakuugua kwa muda mfupi. Mama huyu aliugua ugonjwa wa neva, unaoua misuli na kuiacha akili. Siku ile Chimwaga hakuwa amelewa. Ulimi ulikuwa unakufa mdomoni mwake na akamalizia hotuba yake. Mimi sikuwa mpenzi wake. Nilikuwa fimbo yake. Alinizuia kusema, ili ninyi wakulima mlioko humu msinyonywe na madalali. Misimu yote ambayo mlikuwa mnamcheka, alikuwa ananunua zabibu zenu kwa bei ya mtu mzima wa afya." Kisha nikamgeukia mwenye miwani. "Na wewe uliyeipunguza kasi sauti ya mgonjwa ili ichekeshe, leo unalia nini? Izime hiyo kamera."

Hakuizima. Lakini bibi mmoja mkulima kutoka Hombolo, namfahamu, amekuletea zabibu tangu enzi za mapipa, alinyanyuka na fimbo yake, akaenda taratibu mpaka kwa yule bwana, akaiweka kanga yake juu ya kamera. Akarudi kukaa. Mtu mmoja akaanza kulia, nikageuka nikaona ni Yohana.

Makaburini alinisogelea. "Kwa nini hakuniambia?"

"Aliogopa utaacha kazi."

"Ningeacha," akasema. "Ningeacha siku hiyohiyo." Akashika bega langu kama mtu anayezama. Sikujua kama ananiomba msamaha au anataka kunitikisa. Tulisimama hivyo.

Mwenye miwani aliifuta ile video usiku huo. Usifurahi. Kesho yake akaweka nyingine: UKWELI WOTE KUHUSU UGONJWA WA MAMA MVINYO. Anapata watazamaji kwa ukweli kama alivyopata kwa uongo. Hakuna aliyeomba radhi, Mama. Hata mmoja. Wale waliotuma video kwenye makundi ya familia zao sasa wanatuma picha yako na mishumaa. Wananiambia, "Hatukujua." Mlikuwa mnajua nini hasa mlipokuwa mnacheka?

Lakini nina habari moja ambayo si ya hasira, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Wiki iliyopita alikuja mwanamke kiwandani akaniulizia kwa jina. Mumewe ni fundi wa kuchomelea mageti, karakana yake iko mitaa miwili tu kutoka kwetu hapa Kizota. Alisema mumewe ameanza kuongea kama mtu aliyekunywa, mkono unaangusha vyuma, wateja wamemkimbia, na shemeji zake wamemwita kikao kumkanya aache pombe. "Na yeye ni Mwislamu, kaka," akaniambia huku analia. "Hajawahi kuigusa. Juzi ameniuliza kama nami naamini ni mlevi. Ndipo nikasikia habari ya maneno uliyosema kanisani."

Nilikwenda naye kwao. Yule bwana alikuwa amekaa uani, ameinamisha kichwa, hataki kuniamkia kwa sababu ya aibu ya sauti yake. Nikamwambia kuna jina la kitu kinachomtesa, au huenda ni kingine chenye dawa, na daktari ndiye atakayejua. Akainua uso. Akasema neno, akalirudia, nikalielewa mara ya tatu. Aliniuliza, "Si mimi peke yangu?"

Hilo ndilo ungeweza kumwambia wewe, Mama. Wewe ambaye nchi nzima ilikuwa inakutazama. Ungesema mara moja tu kwenye kile kipaza sauti, na mtu huyu asingekaa uani mwake akidhani ni peke yake duniani. Najua kwa nini hukusema. Nimekuelezea kwa watu mpaka sauti imenikauka. Bado nakulaumu.

Yohana amebaki. Anajifunza, anameza, namkemea. Zabibu zimeanza kuingia na hatujashusha bei. Kuhusu hayo lala bila wasiwasi.

Kile kiapo cha kwenye treni nimekivunja, na nakuahidi nitaendelea kukivunja. Kwa kinyozi, sokoni, redioni wakiniita, nitalitaja jina la ugonjwa wako, na jina lako kamili kando yake. Jumatatu nampeleka fundi hospitali. Mkewe amesema tutapita barabara kubwa, mchana, na kama mumewe atayumba, basi ayumbe, na sisi tuko pande zote mbili.

Kwaheri, Mama.

Daudi