Wiki Niliyolizima Friza

Jumamosi, 7 Juni

Kifungua mimba wangu amekuja kutoka chuoni na mwenzake mwenye miwani. Nyumba yetu ndiyo mtihani wake! Ukaguzi wa nishati, anasema — kujua umeme unaliwa wapi na unapotea wapi. Wameshakagua kiwanda cha sabuni na duka la mikate. Sasa zamu yetu.

Wamebana kifaa kidogo kwenye waya wa upande wetu. Waya wa chumba cha uani, kwa mpangaji, wameuacha. Kitakaa hapo wiki nzima, kinahesabu. "Mama, ishi kama kawaida tu."

Halafu friza! Binti akabana karatasi kwenye mlango, akaivuta — ikatoka kama imepakwa mafuta. Mpira wa mlango umekufa, baridi yote inatoka nje. Mlango wenyewe naufunga kwa mkanda wa gauni la zamani. Yule wa miwani akacheka, akajifanya anakohoa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumapili, 8 Juni

Mgeni akija, unafagia. Nani humwachia mgeni vumbi?

Nimelizima friza. Nguo nimepiga pasi ya mkaa. Mwalimu wao asije akasoma kwamba mama wa huyu binti anakula umeme kama mchwa. Baba watoto yuko safarini na lori, hakuna wa kuniuliza.

Nyama nimempelekea mpangaji, Mama Vifungo. Ni fundi wa kushona, vifungo anaviweka mdomoni kama karanga. Nimemwambia friza linasumbua. "Lete, dada. Kifriji changu kidogo, lakini kina roho kubwa."

Jumatano, 11 Juni

Giza, maana hata taa siwashi. Nimejigonga kwenye stuli. Mboga ya jana imechacha. Si kitu — ni kwa ajili ya mwanangu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeliwasha friza kabla binti hajafika. Baba watoto naye amerudi.

Binti alisoma kifaa, akanirukia shingoni. Mama, nyumba yetu haili kitu! Nikacheka naye. Mungu wangu, nilicheka.

Kisha akatandaza risiti za umeme mezani. Hizo ni za nyumba nzima, sisi pamoja na uani. Akakunja uso. Hesabu zinagombana.

"Mama, mliishi kama kawaida?"

Kama kawaida, nikasema. Macho kwenye sufuria.

"Basi umeme mwingi unakwenda uani," akasema polepole, kama hataki kulisema.

Baba watoto akaweka kikombe chini. "Kumbe tunafuga chatu!"

Binti akamwambia asubiri, Alhamisi atarudi apime na upande wa mpangaji. Huyu mwanaume kusubiri alijifunza lini?

Jumapili, 15 Juni

Baba watoto amemwita mpangaji nje, mbele ya wateja wake. Alipe umeme mara mbili, au mwisho wa mwezi atafute pa kwenda.

Mama Vifungo alitema kwanza vifungo kiganjani, ndipo akajibu. "Labda ni mota ya cherehani, shemeji. Nitaitoa. Nitashona kwa miguu."

Mimi nimesimama mlangoni na ufagio. Ulimi wangu ulikuwa wapi? Huu huu unaowashinda wauza nyanya sokoni!

Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nimezaa na bado naficha. Tena nimemvua mwenzangu nguo ili nijifunike.

Jumatatu, 16 Juni

Cherehani yake leo inakwenda kwa miguu. Krr — kimya — krr. Goti lake ni bovu, najua, mimi ndiye humkanda.

Nilimpelekea chai. Nikafika mlangoni kwake, nikarudi nayo.

Jumanne, 17 Juni

Amekuja jikoni na nyama yangu kwenye bakuli. Tangu friza liwake sikuthubutu kuifuata. Amekizima kifriji chake, ndiyo maana anairudisha. Na ameniomba msamaha! Mimi! "Sikujua kama nawala hivyo, dada. Nisamehe."

Mikono yangu ilikuwa na sabuni. Akafungua mkanda wa friza mwenyewe, aiweke ndani. Baridi ikampiga usoni. Akaufunga mlango taratibu, akaacha kiganja chake pale, kwenye friza linalonguruma.

"Dada. Ile wiki ya kifaa… hili lilikuwa limezimwa, siyo?"

Hakupaza sauti. Aliuliza kama anavyouliza kipimo cha kiuno.

Nikasema nakuja. Nimeingia chumbani, nimefunga mlango. Hata mikono sijafuta, karatasi inalowa.

Mlango wa mbele umelia. Baba watoto. Namsikia: "Wewe tena? Unatafuta nini jikoni kwangu?"

Mama Vifungo hajajibu. Neno analo, lile moja tu la kumtoa kwenye hii fedheha, na hajibu.

Anauliza tena, kwa ukali.

Mama Vifungo ananingoja mimi. Naweka kalamu —