GB Nane Zinatosha

4 Machi

Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ndio wiki ya pili kazini.

Nakuuliza kama fundi. Ofisi inaniagizia kompyuta ya kuchorea ramani za majengo; kwa sasa natumia ya kuazima. Kwenye fomu nichague memori: GB 8, 16 au 32. Ukishasaini hakuna kubadilisha mwaka mzima. Mchoraji mwenzangu anasema 32. Wewe wasemaje? Nipo miezi mitatu ya majaribio, sitaki kukosea.

Mwanao

9 Machi

Marahaba mwanangu. Mgongo unalalamika kama kawaida, mimi nimeacha kuujibu.

Huyo mwenzako anapenda makuu. Kwenye hiyo mashine ya kuazima, funga kila programu, kisha usome memori inayotumika. Haitazidi nne. Mama yako anasema jaza 32, kwani inatoka mfukoni mwetu? Nimemwambia, mtu kaingia jana, leo adai kubwa kuliko zote, watamwonaje?

Baba fundi

12 Machi

Shikamoo Baba. Nimefunga vyote, inasoma 3. Nimejaza 8. Asante, umenitoa wasiwasi.

Mwanao

21 Juni

Baba, shikamoo. Natumaini hamjambo nyote.

Hawakunithibitisha. Kila nikifungua ramani ya ghorofa pamoja na picha za kiwanja, mashine inaganda. Nakaa nimekunja mikono, na bosi hupita saa hizo hizo. Barua yao inasema mimi mzito wa kazi. Natafuta kwingine. Wala sijasema nani alinishauri.

Mwanao

2 Julai

Mwanangu, pole. Sisi wazima.

Nilikuambia ufunge kila kitu ndipo usome. Mteja angeniletea redio iliyozimwa, aniulize mbona haitoi sauti, ningemcheka hadi jioni. Ilifaa upime wakati kazi imefunguliwa. Na programu yenyewe unayochorea sijawahi kuiona. Mashine yangu ina 4. Tangu una miaka saba ukiharibikiwa na kitu unakuja kwangu, nikaona tabu kukuambia sijui.

Nimekuwekea vipande viwili vya memori, 32 kamili. Ukipata kazi, nitajie aina ya mashine.

Baba

18 Novemba

Baba, shikamoo. Samahani kwa kimya.

Nimepata kazi, ofisi ya watu watatu. Wamenipa tena nichague kompyuta. Usihangaike na vile vipande, wape wateja. Nimeshamuuliza fundi wa huku. Alikaa pembeni yangu asubuhi nzima nikichora, akisoma namba. Anauliza sana yule, mpaka anachosha.

Mama anasema hufungi mkanda wa mgongo. Ufunge.

Mwanao

25 Novemba

Marahaba mwanangu. Hongera ya kazi. Mkanda nimefunga, mama yako shahidi.

Huyo fundi kafanya vizuri kuuliza. Vipande nimempa mwenye duka la picha, kafurahi.

Alikuambia ngapi? Sina la kubishana, nataka kujua tu.

Baba