Kigango Kisicho na Bei

Ndia Kuu, Mombasa
2 Februari 1994

Kwa kaka yangu mpendwa Tsofa,

Pokea salamu nyingi. Nataraji wewe, wifi Mapenzi na mtoto hamjambo hapo Malindi. Mimi mzima, ila joto la kaskazi linatukaanga. Hongera tena kwa nyumba mpya. Mama kila nikimwona hana habari nyingine.

Kazi inaendelea. Ofisi yetu, kama ujuavyo, hufuatilia thamani ya bidhaa za Pwani ziendazo Amerika: korosho, mkonge, vinyago. Mwaka jana korosho zilishuka, lakini vinyago vilipanda mpaka mkubwa wangu, Bwana Jaffar, akadhani nimekosea hesabu. Nikaapa sikukosea. Basi akanituma kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja nyuma ya Ngome ya Yesu, nikajionee hivyo vinyago ni vya namna gani.

Kaka, niliingia na kalamu mkononi, nikatoka sijui nimeiacha wapi. Mle hamkuwa na twiga wala vifaru wa kuchonga. Mlikuwa na vigango vya wazee wetu, ile miti ya kuchongwa tunayowasimamishia marehemu, vimelazwa ndani ya makasha marefu, vyote kifudifudi. Mpakiaji wa pale, Chonga, mwenzetu wa Kaloleni, alinieleza kuwa hakuna anayeweza kupigilia misumari huku vikimkodolea macho. Walijaribu, mikono ikawa mizito. Akaniomba pia nisipige mluzi mle ndani. Mwenzao mmoja alipiga, akajibiwa.

Alipogeuza cha mwisho ili nikiandike, nilimwona babu. Usicheke. Lile pengo la begani, pale ng'ombe wa jirani yetu Gunga alipokigonga, lilikuwa palepale. Wazee walimsimamishia babu kigango kile ili roho yake ipate pa kutulia, na sasa mimi mjukuu wake nangojewa niandike ana thamani ya dola ngapi. Nililia mbele ya watu, wala sikuona haya.

Mahali pa thamani nimepaacha patupu. Bila karatasi yetu kujazwa, kasha halipandi meli. Nilipomweleza Bwana Jaffar, alisema atajifanya hajaiona karatasi hiyo hadi Ijumaa. Ikipita hapo, kazi tutaikosa sote wawili.

Sasa nisikilize vizuri. Kigango kilikuwa kimefungwa kwa leso niliyompa wifi siku ya arusi yenu, ile niliyoipinda mwenyewe kwa uzi wa kijani. Sikuwa na haja ya kumwuliza Chonga nani aliyekileta. Mama sijamwambia, yeye angali akiwalaani wezi wasiojulikana waliokiiba. Nina hasira nawe, Tsofa, na ungekuwa karibu ningekuzaba makofi, pamoja na ukubwa wako wote. Lakini hasira ningeweza kuivumilia hadi tuonane. Kuna jambo jingine.

Jana mchana nilikuwa mezani najumlisha korosho, kichwa nimekiinamisha. Mzee mmoja akaingia, akanisalimu kwa Kigiriama, nikamwitikia kwa adabu bila kuinua macho. Akasema anakwenda kwa mjukuu wake Tsofa, amesikia amejenga, ila njia haijui. Nikadhani ni katika wazee wa nyumbani. Nikamwelekeza vyema: apande basi la Malindi, ashukie sokoni, aulize nyumba yenye mlango wa buluu. Akajibu kwamba basi hataliweza, maana miguu yake siku hizi haikunjiki, atakwenda polepole. Kisha akanishukuru, akaniita mkewe, kama babu alivyozoea kunitania.

Ndipo nikainua macho. Hapakuwa na mtu. Mwanaesha, ambaye meza yake iko mlangoni, alisema hajaona mtu akipita, na kwamba nilikuwa nikizungumza peke yangu.

Naogopa, kaka yangu. Mimi ndiye niliyemwonyesha njia ya kwako. Barua hii nampa dereva wa basi, siiamini posta. Ukiisoma, toka saa hiyo hiyo. Njoo umtoe babu kwenye kasha, nami nitafuatana nawe hadi nyumbani Bamba, tukaanguke miguuni pa wazee.

Wifi na mtoto wasalimie sana. Uje nao. Asibaki mtu nyumbani wa kuitikia hodi.

Ni mimi dadako, akupendaye hata sasa,

Kadzo