Mahali Ilipovujia Dizeli

Kola, Machakos
Jumapili, 16 Novemba

Kwa kaka yangu mpendwa Kitonga,

Pokea salamu zangu na za Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Eldoret, wewe na shemeji Katunge na watoto. Sisi hapa tuko salama. Mama anakula, ingawa kidogo, na presha yake ilipopimwa juzi ilikuwa afadhali. Mvua imenyesha siku nne. Ndengu zimeota vizuri upande wa juu, lakini upande wa chini kwale wamekula mbegu. Binti yako Ndila amemsaidia Mama sana likizo hii, na ndiye atakayekuletea barua hii pamoja na kunde kidogo. Nimemwambia asiifungue.

Utashangaa kwa nini nimeandika na sisi huongea kwa simu kila Jumatano. Nikikupigia, utaniuliza swali moja katikati na mimi nitaishia hapo. Kwa hivyo tafadhali soma mpaka mwisho. Ni habari ya pikapu ya Baba, na ya lile neno ulilomwambia jirani yetu Mutiso siku ya mazishi yake.

Tangu lile lori liivute mpaka nyumbani mwezi wa nane, pikapu imekaa kando ya ghala, karibu na dirisha la Mama. Mwanzoni kila asubuhi kulikuwa na doa jipya la dizeli mchangani, kubwa kama kifuniko cha sufuria. Doa lilikoma tu kwa sababu tangi lilikuwa limekwisha. Mama alifunga lile dirisha. Si kwamba harufu ni mbaya, alisema, ila akiwa nusu usingizini hufikiri Baba amerudi na shati lake la kazi.

Mimi sijalia, kaka. Wengine wanasema nina moyo mgumu. Ninaamka, nakamua ng'ombe, napeleka maziwa barabarani, narudi. Juzi nilikuta miwani ya Baba ndani ya kikombe chake cha bati, mahali alipokuwa akiificha ili wajukuu wasiichukue. Niliifuta nikairudisha.

Mama ndiye aliyetaka gari litengenezwe, kwa ajili ya kliniki yake ya kila mwezi mjini. Bodaboda zinamuumiza mgongo. Jumanne iliyopita nikamwita fundi Mwangangi, yule anayechechemea, ambaye zamani alikuwa akitengeneza mashine za kusaga. Alikuja na spana zake ndani ya gunia. Nilimwonyesha pale karibu na gurudumu la mbele palipokuwa pakidondoka, nikamwambia sote tulidhani ni pampu. Akasema pampu tuiache kwanza. Dizeli, alisema, haidondoki pale inapotoka. Inatembea kwenye chuma ikitafuta pa kushukia, kama mgeni anayetafuta choo kwenye harusi ya watu.

Tuliosha chini ya gari lote kwa sabuni, tukaliacha likauke juani. Kisha akaomba unga mkavu wa kupaka kwenye paipu, ili mahali penye unyevu pajionyeshe. Mama alileta mkebe wa unga wa chapati, akauliza kama siku hizi gari nalo litakuwa likikaa mezani. Mwangangi akamjibu kwamba gari likishindwa kumaliza, yeye yupo. Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Agosti. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa, nikaendelea kukishika.

Tukatia dizeli mtungi mmoja, tukangoja bila kuwasha injini. Unga kwenye pampu ulibaki mweupe, na kwenye filta vilevile. Mwangangi alimaliza chai yake, akaingia chini na tochi, akaniita. Juu ya chesi, ule uti wa chuma chini ya gari, nyuma ya giaboksi, unga ulikuwa umegeuka kahawia, mstari mmoja mwembamba. Aliufuata kwa kidole kurudi nyuma mpaka pale paipu ya chuma inayotoka kwenye tangi inapoungana na ile ya mpira. Hapo palikuwa pamefungwa kwa kamba ya tyubu ya baiskeli, mizunguko mingi. Aliikata kwa wembe. Ilitoka laini, ikamshika vidole kama gundi.

Akaniambia kwamba tyubu inafunga mbuzi, inafunga geti, inafunga mzigo wa kuni, na ndiyo maana watu wetu wanafikiri inafunga kila kitu. Lakini dizeli huila. Siku chache tu inakuwa uji. Chini yake paipu ilikuwa imepasuka. Gari likisimama, ufa ule unadondosha dizeli. Likipanda mlima, injini inavuta kwa nguvu, na badala ya dizeli inapata hewa, inazima. Alisema hakuna dereva anayeweza kuleta hitilafu ile kwa kubeba mzigo. Ni kosa la aliyefunga. Akauliza ni nani aliyefunga.

Nilimwambia ni Baba.

 Alikata sehemu iliyooza, akasugua chuma kwa msasa, akaweka paipu mpya ya dizeli na klipu mbili. Akalegeza skrubu ya filta, nami nikapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha. Gari liliwaka mara ya pili. Nililiendesha mpaka kanisani na kurudi. Leo ni siku ya tano na mchanga chini yake ni mkavu.

Kaka, si Baba aliyefunga. Ni mimi.

Jumatatu ya wiki yake ya mwisho Baba aliona dizeli ikidondoka, akaniambia nipeleke gari kwa fundi mjini. Nilikuwa najenga zizi na sikutaka kupoteza siku nzima nikikaa gereji. Niliingia chini mwenyewe, nikafunga na tyubu, nikamwambia fundi ameiangalia. Alinishukuru. Alhamisi Mutiso akaazima gari kupeleka magunia yake ya mahindi, akalirudisha mchana, limeoshwa. Jumamosi Baba akashikwa na kifua, nikampakia garini kumpeleka hospitali. Pale kwenye mlima kabla ya kufika mjini, injini ikazima. Baba alikuwa ameegemea mlango. Aliniuliza, kwa sauti ndogo, kama fundi alisema chochote juu ya ile paipu. Nikamwambia alisema iko sawa. Akatikisa kichwa. Hakuongea tena. Dakika arobaini zilipita kabla lile lori la mchanga halijatufikia. Daktari alisema hawezi kujua kama dakika hizo zingemsaidia. Nilimuuliza mara mbili.

Halafu pale kaburini ukasema mbele ya watu wote kwamba aliyeazima gari la mzee akalirudisha limeharibika ajue anamfukia nani. Mutiso alikuwa ameshika sepetu. Aliichomeka kwenye udongo polepole, akaondoka. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nikaangalia viatu vyangu. Tangu siku hiyo anapita njia ya chini kwenda kanisani, na mkewe hamsalimii Mama. Mama anafikiri ni kiburi.

Jana nilimwendea. Alikuwa akifunga waya wa ua. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia. Alifunga ule waya mpaka mwisho wake, kisha akasema amesikia, na hana kesi na mimi. Lakini lile neno lilisemwa mbele ya watu, kwa kinywa cha mtoto wa kwanza wa marehemu Nzuki, na mimi kumnong'oneza nyuma ya nyumba yake hakuliondoi. Akamwita mkewe alete chai. Nilipokaa tu bila kuishika, aliniambia ninywe, inapoa.

Sasa hili ndilo ombi langu. Tarehe ishirini Desemba tutaweka msalaba kwenye kaburi la Baba. Wewe ndiye utakayesema kwa niaba ya nyumba yetu, na mimi nafasi yangu ni nyuma yako, kimya. Siku hiyo niite mimi kwanza. Nitasema mwenyewe, Mutiso akiwepo, halafu wewe umwambie neno lako. Mama nitamwambia kesho asubuhi, kabla Ndila hajaondoka. Ukinikasirikia ni haki yako, hata kwa miaka. Lakini hata usiponiita, kaka, nitasimama. Sijawahi kusimama kabla hujazungumza, na sijui miguu itafanyaje. Nilidhani nikiandika nitasikia kitu kifuani. Bado.

Msalimie shemeji, na watoto kila mmoja kwa jina lake. Mama anawaombea njia njema mtakapokuja.

Mdogo wako,
Musili