Barabara Haitapita Kwenu

Gerezani, Dar es Salaam
Jumapili

Mdogo wangu mpenzi Zainabu,

Kwanza nipe hali yako na ya wote mnaokula chungu kimoja. Lile goti lililokusumbua masika yote limetulia? Mimi mwili ni mzima. Karakana za reli hapa jirani zinatuamsha kwa kelele, sukari inapatikana ukiwahi foleni, na macho yangu bado yanauona mstari wa penseli. Moyo ndio hauko sawa. Nitakueleza taratibu kwa nini, maana nataka uelewe, hata kama hutakubali.

Mumeo amerudi na habari kwamba barabara inakuja kijijini. Haiji, Zainabu. Itapita ng'ambo ya mto, na aliyesema ipite huko ni mimi.

Ilikuwa hivi. Mkuu wetu wa ofisi alitandaza ramani mezani, akatuita sote tunaochora barabara. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, fupi, inapita kwenu kisha inaingia lile pengo kati ya kilima na kinamasi. Ya pili ni ndefu, inazunguka ng'ambo. Akanigeukia mimi: "Ndugu Yusufu, wewe ni mtu wa kule. Tupitishe wapi?"

Pengo lile unalijua kuliko ramani. Maji ya mbugani yakikauka, tembo hushuka pale kwenda mtoni, na hawana pengine pa kupita. Huku mwamba, huku matope yanayozamisha watoto wao. Sisi wenyewe tulipotumwa kuni tulikuwa tukikuta mavi yao bado yanafuka, tunatupa kuni na kurudi mbio. Nikawaambia hayo.

Injinia mmoja kijana akacheka. "Mzee, tembo atavuka tu. Barabara si ukuta."

Ni kweli, barabara si ukuta. Lakini barabara haikai peke yake. Siku hizi vijiji vinapangwa kandokando ya njia, nyumba kwa mistari. Ikipita kwenye pengo, nyumba zitaifuata mle mle, na mihogo itazifuata nyumba. Tembo hatajua kwamba pamekuwa kijiji. Ataingia shambani, ataua mtu, askari wa wanyamapori watakuja kumpiga risasi, na kiangazi kinachofuata atakuja mwenzake. Tena malori yatawagonga kwenye giza, kama twiga wanavyogongwa kwenye barabara kuu, na madereva nao hufa. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mkuu akakubali njia ya ng'ambo, akanipa mimi niichore kwa wino. Nikaichora.

Sikuwa nimepata ujasiri wa kukuandikia, mara shemeji akabisha hodi, jogoo kwapani.

"Shikamoo shemeji!"

"Marahaba. Na huyo je?"

"Huyu ni wa kijiji kizima. Mwenyekiti kasema usimfuge, umle! Tumeshafyeka, shemeji. Kila Jumamosi, wake kwa waume, kutoka shuleni mpaka karibu na pengo. Matingatinga yakija yatukute tunayasubiri."

"Nani kawaambia yanakuja?"

"Mtu wetu yuko ofisi ya barabara, tungoje kuambiwa na nani tena?" Akacheka mpaka akakohoa.

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikainuka, nikaenda kuchochea jiko. Jogoo nilimchinja, nikampika, na shemeji akanilazimisha nichukue paja. Nililila.

Kesho yake tukaenda Kariakoo kukununulia zile kanga alizokuletea. Mwenye duka ni Mchaga, mzee mwenzangu, tunafahamiana. Shemeji akamwambia kwa sauti, mbele ya wateja, "Unamwona huyu? Ndiye anatuletea barabara!"

"Kumbe!" Mchaga akanipigia saluti na futi ya kupimia vitambaa. "Mzee wangu, kwetu mlimani mvua ikinyesha tunashuka kwa makalio. Chukua kanga bure, utuletee lami."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilipomsindikiza shemeji kwenye basi, alitoa kichwa dirishani akauliza awapelekee ujumbe gani. Nikasema, "Waambie nawakumbuka." Basi likaondoka naye na furaha yake.

Najua utakaposoma hapa utamkumbuka mkamwana wako, alivyoshikwa na uchungu akabebwa kwa machela hadi barabara kuu, mkafika mtoto ameshafia tumboni. Usidhani nilimsahau. Nilimkumbuka pale pale mezani, kabla sijafungua mdomo, na bado nikasema ng'ambo. Wangeniuliza tena leo ningesema vile vile. Sijui kama mtu anaweza kusema kweli na akawa amewakosea watu wake kwa pamoja, lakini ndivyo ninavyojiona.

Nimemwomba mkuu daraja la mtoni, ili kutoka kwenu mpaka barabarani iwe mwendo mfupi, na trekta la kijiji liweze kuvuka. Amesema ataliangalia. Usilitangaze, halijakubaliwa.

Ninachokuomba ni kimoja. Msomee shemeji barua hii, maana nimemfanya mwongo bila yeye kujua. Kisha yeye aende kwa mwenyekiti, wasifyeke tena. Wakilifungua pengo kwa mapanga yao, watu watalima pale hata bila barabara, na yote niliyoyaogopa yatawafika. Nimeomba likizo. Nitasimama mkutanoni niwaambie kwa mdomo wangu, na wakinizomea nitakaa nizomewe. Kama unaona ni bora nifikie kwa mwalimu wa shule yenu badala ya kwako, nitaelewa. Niandikie kabla sijakata tiketi.

Nisalimie shangazi yetu mwenye macho mabovu, umwambie dawa yake nimeipata. Salamu kwa mwanao mkubwa na kwa mwalimu atakayekupa barua hii. Mkamwana wako usimpe salamu zangu kwa karatasi. Nitamwendea mwenyewe, nikae chini, aniambie lolote analotaka kuniambia.

Kaka yako,
Yusufu