Kwa Hayrat, Kuhusu Kazi ya Fazul Iliyosimama

Mahabibo, Mahajanga
Jumanne, 18 Juni 2019

Mpendwa mpwa wangu Hayrat,

Assalamu alaikum. Hujambo, mwanangu? Ile homa iliyokushika siku za Idi imekuachia? Na mama yako Charifa, goti lake linaendeleaje? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Upepo umejaa vumbi, na mimi bado nagombana na kila gazeti linaloingia nyumbani.

Sikukupigia simu kwa makusudi. Mimi na wewe kwenye simu hupandishiana sauti, kisha mmoja hukata, na ajabu ni kwamba si mimi kila mara. Jirani yangu Msa anapanda basi leo, kisha boti, kuja huko Nosy Be. Atakukabidhi barua hii kabla ya mkutano wenu wa Ijumaa.

Nimesikia kwamba katika mkutano huo unataka kumtoa Fazul katika kundi lako linalotengeneza programu ya kukatia tiketi za boti za Nosy Komba. Nilikwenda kwake nikiwa tayari kumgombeza. Ni mtoto wa dada yangu kama ulivyo wewe, na uvivu siuvumilii katika ukoo huu.

Alinifungulia lile jukwaa lenu kwenye kompyuta. Limenipendeza, nami si mtu wa kupendezwa upesi. Kazi zote, makosa, mashauri na programu yenyewe, vyote viko mahali pamoja. Aliye Antananarivo, aliye Ambatoloaka na aliye hapa Mahabibo wanaona kitu kimoja. Laiti wakubwa wa nchi hii wangefanya kazi hadharani namna hiyo! Ila kando ya jina la Fazul kuna rangi nyekundu, wiki ya tatu sasa, na chini yake hakuna hata neno.

Nilimuuliza mbona yuko kimya. Akainamisha kichwa.

"Mjomba, sehemu yangu inakaa juu ya sehemu ya dada Hayrat, na hiyo ya dada ina kosa. Nimwandikie mbele ya wageni wa Antananarivo? Mimi nimelelewa."

"Umelelewa uharibu kazi ya watu?"

Mkewe Mariamou akadakia kutoka jikoni: "Mwache, mjomba. Huyo ana adabu kuliko akili."

Kumbe hakunyamaza kabisa. Alifanya kama tunavyofanya siku zote: kosa la mkubwa hupitishwa kwa wakubwa. Alimwambia mama yake, Roukia; Roukia akamwambia mama yako; mama yako akakwambia wewe. Lakini kila mmoja aliyepokea neno hilo alilipunguza makali kidogo, na lilipokufikia lilikuwa limebaki hivi: Fazul anakusalimu na anakuombea kazi njema. Nawe ukajibu kwamba unamsalimu pia! Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaona hakuna la kuchekesha.

Hayrat, rangi nyekundu inasema kazi imesimama. Haisemi imesimamishwa na nini. Ukihukumu kwa rangi peke yake, utamtoa mtu kwa sababu alikuheshimu. Simtetei kwa yote. Heshima inayoficha kosa mpaka abiria wagombane ufukweni ni heshima mbovu, na nilimwambia hivyo kwa sauti yangu unayoijua. Akalia, mwanangu. Mtu mzima, baba wa watoto wawili.

Kosa lenyewe alinieleza, ila sitakuandikia. Ukilipata kwangu utalirekebisha kimyakimya, na Ijumaa wenzako watamwona Fazul mvivu vilevile. Yeye hawezi kuanza, mdogo haanzi. Wewe waweza. Fungua jukwaa lenu, na chini ya jina lake andika, mbele ya wote, kwamba wewe dada yake unamwomba aonyeshe kosa lililo katika kazi yako.

Itakuuma. Ugumu huo wa shingo umeurithi kwangu, kwa hiyo naujua. Lakini ukiandika mstari huo mmoja, hakuna mdogo katika kundi lako atakayeogopa tena kukwambia ukweli.

Nisalimie mama yako, nisalimie na Halimati na wanawe. Mariamou na Roukia wanakusalimu. Mungu akupe afya, akupe na moyo wa kuuliza kabla ya kuhukumu.

Fazul hajui kwamba nimekuandikia. Nilipoondoka kwake, kompyuta ilikuwa bado wazi mbele yake.

Akupendaye hata akifoka,
mjomba wako Zoubeir