Masale Niliyoyakata kwa Ajili ya Maboga

Misheni, Uchagani, juu ya Moshi
Jumapili ya pili baada ya Pasaka

Dada yangu mpendwa Paskalina,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako na lile goti limetulia. Mimi mwili ni mzima, chakula napata, na kazi ya mabenchi ya kanisa inakwenda vizuri. Ila kabla ya kuendelea, mwombe mwalimu anayekusomea mwingie ndani. Haya si ya kusomwa barazani.

Umeniuliza mara mbili kama mbegu za maboga ya mama ziliota, na mara mbili nimekujibu habari za mvua. Ziliota, dada. Nilinyamaza kwa aibu.

Zile mbegu ulizofunga kwenye kitambaa ukampa yule askari aliyekuwa akirudi huku, nilizipanda nyuma ya nyumba niliyopewa na misheni. Kiwanja changu ni chembamba. Kinapakana na kihamba cha jirani yangu Baba Anjela, yaani shamba la migomba na kahawa ambalo mtu wa huku hujenga nyumba yake katikati yake. Baba Anjela ni mtu mzima kunipita, Mkatoliki kama sisi, mpole. Mkewe, Mama Anjela, tangu nilipofika alikuwa akiniletea maziwa na ndizi bila kuombwa. Mpakani palikuwa na mstari wa masale, mmea wa majani marefu ya kijani ambao kila nyumba ya huku inao. Mimi niliudhani ua tu.

Maboga yakashika. Yalipofika ukubwa wa kichwa cha mtoto, panya wakaanza. Wanatoboa tundu dogo ubavuni, wanaingia, wanakula mbegu zote, wanakuachia ganda. Ukilitazama kwa mbele unasema zima. Nilimwaga majivu, nikazungushia miiba, nikatega jiwe bapa juu ya kijiti. Nikapata panya wawili, na kesho yake maboga matatu yametobolewa. Nikaona bora nitandike majani makavu ya migomba chini ya yale yaliyobaki, yasiguse udongo. Mama Anjela akapita, akacheka mpaka akashika mgomba.

"Fundi," akasema, "umewatandikia kitanda. Bado blanketi tu."

Akanishauri niyatoe yale majani, nifagie na pale ninapofanyia kazi, kisha maboga niyapandishe kwenye kichanja, maana mbao ninazo. Sikumsikiliza. Nilijiambia, mimi fundi, nifundishwe kujenga na mwanamke? Moyoni nilikwisha kuamua kwamba panya wanatoka kwenye masale. Jumamosi moja, Mama Anjela akiwa sokoni Kwa Sadala na mumewe amepeleka kahawa, nilichukua panga na jembe, nikakata mstari wote, nikang'oa mashina, nikachoma moto. Sikumwomba mtu ruhusa.

Baba Anjela alirudi moshi ukiwa bado unatoka. Akasimama kwenye pembe ya kihamba chake, anatazama udongo niliouchimbua. Nikangoja anigombeze. Akainama, akausawazisha udongo kwa kiganja, na upole wake huo ukanitia hasira, ile hasira ya mtu mwenye kosa. Nikatamka neno ambalo hadi leo likinijia nafunika uso.

"Mzee, si majani tu haya? Umebatizwa, na bado unaabudu majani?"

Akanijibu taratibu, "Fundi, baba yangu yuko hapo."

Akaingia ndani kwake.

Ndipo nikauliza watu, ambao ilinipasa kuwauliza kabla. Masale huku ndiyo mpaka, na mpaka hauguswi. Tena wazee wao wa zamani, waliokufa misheni haijafika, wamelala humohumo kihambani, na masale hupandwa juu yao. Hakuna msalaba wala jiwe. Nilichimba juu ya mtu, dada, kwa ajili ya panya.

Na panya wenyewe? Jumatatu niliinua rundo la maranda ya mbao chini ya meza yangu ya kazi, nikakuta kiota, watoto wekundu hawajafumbua macho, wamelala juu ya maganda ya mbegu za mama. Siku zote walikuwa kwangu.

Hata baada ya hayo sikwenda kuomba radhi. Majuma manne, dada. Maziwa yalikoma. Tulipokutana njiani Baba Anjela alinipisha, kama mtu anavyompisha ng'ombe. Nikasikia wazee wa ukoo wake wanataka kulipeleka shauri kwa Mangi, mtawala wao wa huku, na kumwomba Padre aniondoe. Nikaona nitarudi nyumbani nimefukuzwa, kazi haijaisha, na jina langu limebaki huku kama la mvunja makaburi. Nikakimbilia kitubioni, nikitaka kumalizana na Mungu bila kukutana na jirani. Padre akaniuliza kama nimekwenda kwa Baba Anjela. Nikasema bado. Akaniambia niende kwanza, halafu nirudi. Basi Pasaka nilibaki kwenye benchi nililolichonga mwenyewe, watu wananipita magotini kwenda kupokea.

Aliyenionea huruma ni Mama Anjela. Alinikuta mferejini nachota maji, akaniambia kwamba huku anayeomba msamaha huenda na jani la isale mkononi, na anayepelekewa hawezi kulikataa. Nikamwambia sina, nimechoma yote. Safari hii hakucheka. Akasema nikaombe kwa watu.

Nikapanda mlima mpaka kwenye nyumba nisikojulikana. Bibi mmoja akasema hatoi jani mpaka ajue linakwenda kwa nani na nimefanya nini. Nikamweleza. Alipomaliza kusikiliza akamwita mkwewe aje asikie naye, nikaanza tena mwanzo, ndipo akanikatia jani.

Baba Anjela alilipokea kwa mikono miwili. Akaligeuzageuza, halafu akasema, "Mimi nimepokea. Lakini uliyemchimba si mimi. Huyo mwambie mwenyewe."

Akaleta vipandikizi kutoka kwa ndugu yake, tukapanda pamoja, mstari mzima, mimi nachimba yeye anashindilia. Tulipofika ile pembe akaniachia jembe, akaondoka. Nikabaki peke yangu na mtu nisiyemjua. Kichaga sikijui, na Kiswahili sidhani kama yeye alikijua, basi nikasema Kipogoro chetu. Nikataja jina langu, na la baba yetu, na la mama, nikasema nimekosa. Sehemu hii Padre sijamwambia.

Shauri la kwa Mangi limekwisha, na maziwa yamerudi. Kichanja nimejenga, na juu yake yapo maboga mawili mazima ya mbegu yako. Kama moyo wa Baba Anjela umesafika kama mkono wake, hilo sijui, wala sina haki ya kumuuliza.

Lakini dada, pale nilipomtaja mama, niliweka jembe chini. Miaka sita tangu mmzike, na kila uliponiandikia nije, nilijibu kazi ni nyingi. Kaburi la baba wa watu nimelipandia kwa mikono yangu. La mama sijui hata amelala upande gani wa ule msalaba wa makaburini. Nimemwomba Padre ruhusa, na amenipa. Mabenchi yakiisha nashuka Moshi kupanda gari. Wewe nitangulie kwake. Mwambie mwanawe amekawia, na usinitafutie udhuru wowote.

Nisalimie shemeji, mume wako, na mjomba Kosmasi mpiga kengele, na shangazi aliyenilea nilipoachishwa ziwa. Mwalimu anayesoma haya nampa shikamoo, naye aniwekee siri. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Damiani, seremala